Mkeo ni muuguzi: anzieni hapo

Swali: "Mshauri, mimi ni fundi umeme wa majengo, nina miaka 33, stashahada ya miaka mitatu na uzoefu wa miaka minane. Nina watoto wawili. Mke wangu ana miaka 28, ni muuguzi. Tunataka kuhamia nje moja kwa moja, siyo kwenda kutafuta na kurudi. Kuna wakala ananiambia nichukue viza ya matembezi, nikishafika atanielekeza namna ya kuibadilisha iwe ya kazi, ila anataka nusu ya akiba yetu kwanza. Rafiki yangu anasema nijiandikishe chuo, mwingine anasema nicheze bahati nasibu ya Marekani. Nchi sijachagua; yoyote inayotoa viza kwa urahisi. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, hiyo nusu ya akiba usimpe. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Mengine utayasoma polepole, na nakuomba uyasome pamoja na mkeo.

Viza ya matembezi ni ahadi. Unapoiomba unamwambia ofisa, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba utakwenda, utamaliza shughuli yako, utarudi. Marekani sheria yenyewe inamtaka ofisa aanze na dhana kwamba mwombaji wa viza ya muda ana nia ya kuhamia, na ni juu ya mwombaji kuonyesha kwamba sivyo. Wewe unataka kuhamia kweli. Utamjibu nini? Ukidanganya ukapita, maneno yako yanabaki kwenye kumbukumbu, na siku ukiomba kibali cha haki yatatolewa yakalinganishwa na ya siku hiyo. Uingereza hairuhusu kabisa mwenye viza ya matembezi kuhamia kwenye viza ya kazi akiwa ndani ya nchi. Lazima atoke, aombe upya akiwa nje. Kwa hiyo huko "kubadilisha ukishafika" anakokuuzia huyo wakala, mara nyingi maana yake ni kuishi bila makaratasi huku ukimtegemea yeye kwa kila kitu.

Na gharama yake ni kubwa kuliko fedha. Marekani, ukizidisha muda wako kwa zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, unafungiwa kurudi kwa miaka 3. Ukizidisha mwaka mzima au zaidi, ni miaka 10. Canada, aliyetoa taarifa za uongo kwenye maombi hufungiwa miaka 5. Uingereza, udanganyifu kwenye maombi unaweza kukugharimu miaka 10. Usijipe moyo kwamba ukiharibu kwa mmoja utahamia kwa jirani yake: Marekani, Canada, Uingereza, Australia na New Zealand wana utaratibu wa kulinganisha alama za vidole za waombaji. Nimekaa na watu wenye kila sifa, elimu nzuri, kazi nzuri, Kiingereza kizuri, lakini faili limefungwa kwa sababu ya jambo moja lililofanywa miaka saba nyuma na mtu aliyelipwa "kuwasaidia". Hao ndio wanaoniuma zaidi.

Kuna na lile ambalo mitaani linaitwa kujilipua, yaani kufika na kuomba hifadhi ya ukimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 upo kwa ajili ya mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Kama hilo lingekuwa lako, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Halikuhusu, liache.

Sasa turudi kwenye swali lako. Umeuliza nchi gani inatoa viza kwa urahisi. Naomba uliweke pembeni swali hilo, uulize mawili mengine: nani anasimama nyuma ya maombi yenu, na kibali hicho kinageuka kuwa nini baada ya miaka kadhaa. Kila njia halali ya kuhamia ina kitu kinachoibeba. Kuna inayobebwa na ndugu aliyeko huko, mara nyingi mke, mume, mzazi au mtoto. Kuna inayobebwa na mwajiri, chuo, au mtaji wako. Na kuna inayobebwa na wewe mwenyewe, kwa alama za umri, elimu, lugha na kazi. Nyinyi hamjataja ndugu wa karibu huko wala mtaji mkubwa, kwa hiyo hizo mbili nazipita. Zinazobaki ni mwajiri, alama, na kwa mbali sana chuo.

Na hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Umeandika habari zako: umri, stashahada, uzoefu. Mkeo umemtaja kwa sentensi moja fupi. Ndugu yangu, kwenye faili hili huenda yeye ndiye mwombaji mkuu na wewe ndiye unayeambatana naye. Waume wengi hawalifikirii hilo, na naelewa kwa nini, lakini ofisa wa viza hajali nani ni mkuu wa kaya. Anahesabu.

Tuhesabu na sisi. Canada ina mfumo unaoitwa Express Entry, ulioanza Januari 2015, unaopanga waombaji kwa alama hadi 1,200. Kwa mwombaji anayeambatana na mwenzi wake, umri wa miaka 20 hadi 29 unapewa alama 100. Wewe wa miaka 33 unapata 80, mwakani 75, na huendelea kupungua hadi sifuri ukifika 45. Mkeo leo ana zote 100. Kabla hatujagusa elimu wala lugha, tayari amekuacha kwa alama 20. Zaidi ya hapo, tangu 2023 Canada hutoa mialiko ya kuomba ukaazi kwa makundi maalumu, na kazi za afya ni mojawapo. Mafundi nao wana kundi lao, na fundi umeme yumo, kwa hiyo hujaachwa nje. Kila mmoja wenu anaruhusiwa kufungua wasifu wake na kumweka mwenzake kama msindikizaji. Atakayealikwa kwanza ndiye anayewavusha wote.

Kinachonifanya niithamini njia hii ni mwisho wake. Mkifanikiwa mnafika mkiwa wakaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, wewe, mkeo na watoto. Hamfungwi na mwajiri mmoja. Kazi ikiwa mbaya mnaacha, mnatafuta nyingine, na hakuna wa kuwatishia viza.

Ugumu wake nao uusikie. Kupita kigezo cha kuingia kwenye foleni si kualikwa. Mwaka 2025 mialiko ya wenye uzoefu wa kazi ndani ya Canada ilidai alama zaidi ya 500, na tangu Machi 2025 alama za ziada za kuwa na ofa ya kazi ziliondolewa. Lakini mwaka huohuo, kwenye baadhi ya mizunguko, wenye Kifaransa kizuri walialikwa kwa alama chini ya 400. Hapo pana jambo la kufikiria: umri hauwezi kuusomea, Kifaransa unaweza. Nawafahamu watu waliohangaika miaka mitatu kupandisha nusu alama ya Kiingereza, ilhali miezi kumi na minane ya Kifaransa ingewafikisha. Njia nyingine ni jimbo kukuteua; uteuzi huo peke yake unakuongezea alama 600, na majimbo hutafuta wauguzi na mafundi kila mara.

Jambo moja la Canada nitalirudia kwa kila mtu mpaka nichoke. Kwenye fomu, taja watoto wote. Wote. Hata yule asiyesafiri nanyi, hata aliyezaliwa kabla ya ndoa na hujawahi kumzungumzia nyumbani. Mtoto ambaye hukumtaja wakati wa kuomba unaweza kukosa haki ya kumwita baadaye kama mwanafamilia. Kama kuna mazungumzo ya kufanya sebuleni, yafanyeni sasa, kabla ya fomu.

Twende Uingereza, ambako mwajiri ndiye anayeibeba viza. Kwako wewe fundi, mlango umebanwa: tangu 22 Julai 2025 kazi nyingi za kudhaminiwa ni lazima ziwe za ngazi ya shahada, na zile za chini zilizobakizwa kwenye orodha ya muda ya kazi zenye upungufu wa wafanyakazi haziruhusu waombaji wapya kuja na mwenzi wala watoto. Kwa muuguzi aliyesajiliwa mambo ni tofauti. Kazi yake inahesabiwa kuwa ya ngazi ya juu, viza yake ni ile ya wafanyakazi wa afya, familia inaruhusiwa, na wewe ukiwa mwenzi wake unaruhusiwa kufanya kazi bila kutafuta mdhamini wako. Viza hiyo pia imesamehewa ada ya huduma za afya, ambayo kwa viza nyingine ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima. Pigeni hesabu ya watu wanne kwa miaka kadhaa, mtaona uzito wake.

Kazi ya mkeo ni hii: kusajiliwa na baraza la wauguzi la huko. Anahitaji alama 7 za IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inakubalika. Kisha mtihani wa kompyuta anaoweza kuufanya kabla ya kusafiri, na mtihani wa vitendo anaoufanyia hukohuko akiwa ameshaajiriwa. Tahadhari moja: Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, 55 kwa hesabu ya 2023. Waajiri na mawakala wa Uingereza hawatakiwi kwenda kutafuta wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe, hata hivyo, anaweza kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo wakala akimfuata mkeo akidai anakusanya wauguzi kwa ajili ya Uingereza, na nchi yenu imo kwenye orodha, hapo tayari pana kasoro.

Mwajiri akipatikana, kamtafuteni kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni. Serikali ya Uingereza huiweka wazi na kuisoma ni bure. Cheti cha udhamini, yaani hati ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ili aombe viza, hakiuzwi; tangu mwisho wa 2024 mwajiri haruhusiwi hata kumtupia mfanyakazi ada yake. Atakayewatajia bei ya cheti hicho, kateni simu. Kuhusu mwisho wa njia hii: kwa miaka mingi ukaazi wa kudumu umekuwa ukiombwa baada ya miaka 5, na mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuifanya 10 kwa walio wengi. Ingieni mkijua hilo.

Ujerumani sasa, na hapa ndipo wewe fundi unaposimama kwa miguu yako mwenyewe. Tangu 1 Juni 2024 kuna Chancenkarte, kadi ya kuingia kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Sharti la kwanza ni mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi ulikosomea. Unayo ya mitatu. La pili ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha hupanda kutoka A1, A2, B1 hadi B2 na kuendelea). La tatu ni fedha za kujikimu. Kisha unahitaji alama 6. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita, katika fani uliyosomea, ni alama 3. Kutovuka miaka 35 ni alama 2. Una 5 ukiwa umekaa hapo ulipo. Kijerumani cha A2 kinaongeza 1, umefika 6. Ukichelewa ukavuka 35, zile 2 zinakuwa 1, na itakubidi Kijerumani cha B1 kufidia.

Hata hivyo kadi hiyo ni ya kutafutia. Ukiwa nayo unaruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki, na familia hubaki nyumbani mpaka upate mkataba kamili na kubadilisha kibali. Ndiyo maana kwa fundi napendelea atafute mwajiri kwanza. Tangu Machi 2024 ipo njia ya kuingia na mkataba mkononi ukiwa na A2, kisha utaratibu wa kutambuliwa cheti chako ukaendelea huku unafanya kazi, mwajiri akishiriki. Cheti kikishatambuliwa, fundi mwenye kibali cha kazi cha ustadi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, akiwa na Kijerumani cha B1 na michango yake ya pensheni. Mkeo naye anahitajika sana huko, ila uuguzi ni fani inayodhibitiwa: bila leseni hafanyi kazi ya muuguzi, na leseni kwa kawaida inadai B2. Hiyo ni lugha ya mwaka mzima au zaidi, kwa mtu anayesoma kila siku.

Australia ina alama pia. Kikomo cha umri kwa viza za ustadi za namna hii ni chini ya miaka 45, na alama 65 zinakupa ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu. Fundi umeme hupimwa ujuzi wake kwanza, na akifika bado anatafuta leseni ya jimbo kabla ya kugusa waya. Ipo viza ya mikoani ya miaka 5 inayoweza kugeuka ya kudumu baada ya miaka 3, na watu wengi huidharau bila sababu ya maana.

Chuo, basi. Rafiki yako hana nia mbaya, lakini viza ya masomo ni ya mtu anayetaka kusoma. Ujerumani inadai uonyeshe euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyozuiwa, yaani unayoruhusiwa kutoa kiasi kidogo tu kila mwezi, na inaruhusu siku 140 kamili za kazi kwa mwaka. Uingereza tangu Januari 2024 imewazuia wanafunzi wengi kuja na familia. Waliobaki ni wa utafiti na uzamivu. Canada mwaka huohuo iliweka kikomo cha vibali vya masomo. Kwa familia yenye fani mbili zinazotakiwa, kurudi darasani ili kupata viza ni kuzunguka mlima ambao njia yake imenyooka.

Bahati nasibu ya Marekani ina kikomo cha viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kuchaguliwa si kupewa viza. Ni mpango ambao utawala wa siku hiyo unaweza kuubana au kuusimamisha. Kama uko wazi, jaza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, kila mmoja wenu fomu yake, kisha sahau. Usiusimamishie maisha.

Nimebakiza makaratasi, na hapa nakusihi usiwe na haraka, maana ndipo wenye sifa huangukia. Niliwahi kulishughulikia faili la kijana mmoja: cheti cha kuzaliwa kinasema Yusuf, cheti cha shule Yusufu, pasipoti Yusuph, na jina la babu limo kwenye kimoja tu. Mtu mmoja, majina matatu. Alipoteza miezi minne kupata hati za kiapo na kurekebisha vyeti, na matokeo yake ya lugha, ambayo hudumu miaka 2 tu, yalikuwa yanazeeka mezani. Leo jioni toeni vyeti vyote vya watu wanne, vipangeni mezani, msome herufi kwa herufi. Kasoro ikionekana leo ni usumbufu. Ikionekana na ofisa ni maswali.

Barua ya kazi nayo. "Bwana huyu alikuwa fundi wetu na ni mwaminifu" haina kazi. Iseme ulianza lini na kumaliza lini, saa ngapi kwa wiki, mshahara, na hasa ulifanya nini: kuvuta nyaya, kufunga bodi za usambazaji, kupima saketi, kusoma michoro. Kama mwajiri wa zamani amefunga biashara, anza kumtafuta sasa. Na akiba yenu ikae benki kwa utulivu. Canada huangalia wastani wa salio kwa miezi sita. Fedha ya kuazima iliyoingia wiki ya mwisho huonekana kama ilivyo.

Mkihitaji mtu wa kuwasaidia kujaza, mtafuteni mwenye usajili. Washauri wa uhamiaji wa Canada, Australia na Uingereza husajiliwa na vyombo vya huko, na majina yao yamewekwa wazi. Mwulize yule wakala wako namba yake ya usajili, uitafute mwenyewe. Nina hisia ya jibu atakalokupa.

Ningekuwa nyinyi, mkeo angejisajili mtihani wa IELTS mwezi huu, ule wa kitaaluma, kwa sababu ndio anaoweza kuupeleka kwa baraza la wauguzi la Uingereza. Ule wa jumla, unaotakiwa Express Entry, ataufanya baadaye kama mtaamua Canada. Watu huchanganya hiyo miwili na kulipa mara mbili. Wewe ungeanza Kijerumani, saa moja kila siku, ukilenga A2 ndani ya miezi minane. Hivyo mnabaki na milango mitatu wazi. Matokeo yake yakitoka niandikie tena, na uweke alama za kila sehemu peke yake, siyo jumla tu. Uambatanishe na mwaka aliomaliza masomo na jina kamili la cheti chake kama lilivyochapishwa.